Ukuta wa Shemeji

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Watoto wamekuja nusu. Wazazi wa kule juu barabarani hawakuwaleta, wanasema njia inateleza. Waliokuja wamekuja na tope hadi magotini. Nimewaosha miguu bombani mmoja mmoja, Anitha akawapa uji. Anitha ni msaidizi wangu hapa chekechea. Mikono ya haraka, mdomo mzito. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Mfereji nyuma ya darasa umejaa. Si mfereji hasa, ni kijito. Kinatoka juu huko Kimara, kinapita nyuma ya nyumba zetu, kinakwenda kuutafuta mto mkubwa bondeni. Zamani kilikuwa kinapita. Sasa kinasimama. Kinasimama kwa sababu shemeji yangu Festo, kaka mkubwa wa mume wangu, alinunua kiwanja hapo juu yetu kwa ajili ya yadi ya malori yake, akakizungushia ukuta, na ukuta akaupitisha katikati ya kijito. Akaacha bomba moja la zege. Mvua yote ya Kimara ipite kwenye bomba ambalo mbuzi hawezi kugeuka ndani yake.

Nimemwambia tena Elias leo wakati anafunga viatu aende kazini Chang'ombe. Kasema atazungumza na kaka. Anasema hivyo tangu Krismasi.

Bi Mwanaidi jirani amewafundisha watoto wimbo wa matusi kupitia dirishani. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, ulimi kikamwachia. Darasa zima linaimba. Nimekwenda kumgombeza. Kanijibu watoto wa siku hizi hawana adabu, hata matusi wanakosea. Nimerudi jikoni kucheka.

Alhamisi, 18 Aprili

Bi Mwanaidi amekufa. Naliandika kwanza ili nisilizunguke.

Nimekaa kwenye dawati la shule ya msingi. Tumelala humu, mtaa mzima wa chini.

Jana asubuhi watoto walikuwa mkekani wanaimba irabu. Mvua ilikuwa imepungua. Ndiyo maana sikuwa na hofu. Kumbe maji yalikuwa juu, nyuma ya ukuta wa Festo, yanajikusanya. Bomba lilikuwa limeziba kwa chupa, viroba, matawi. Maji hayakuuvunja ukuta. Yaliufuata mpaka mwisho wake, yakazunguka kona, yakatujia yote kwa mpigo, upande ambao haujawahi kuona maji tangu tuhamie.

Nilisikia kishindo nikadhani lori linamwaga kokoto. Anitha akafungua mlango, akaufunga, akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. Maji yakaingia kwa chini, kisha dirishani. Tukang'oa wavu wa dirisha la upande wa pili. Jirani wa upande huo ana ghorofa ambalo hajalimaliza, ngazi ya zege ipo. Mie nikasimama majini, Anitha akasimama ngazini, tukawapitisha watoto kama mafundi wanavyopasiana matofali. Wote wanalia. Isipokuwa Junior. Yeye aliuliza kama uji bado upo.

Bi Mwanaidi nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta wa chumba. Nikapiga kelele kwamba nakuja. Akajibu kwa sauti yake ileile ya ugomvi, "We mwalimu, watoto kwanza! Mie nshaishi!" Na tusi juu yake. Aliponitukana nikajua yuko sawa.

Mtoto wa mwisho alipofika juu nikaenda. Mlango wake unafunguka kwa nje, maji yalikuwa yameubana. Nikavuta. Anitha akaja tukavuta. Fundi wa gereji akaja na nondo. Ulipofunguka kitanda kilikuwa kinaelea. Yeye hakuwa kitandani.

Mwanawe Shabani alikuwa barabarani na bodaboda yake. Alifika na kofia ngumu kichwani. Hakuivua. Alikaa nayo hivyo hadi jioni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue.

Mikono yangu inanuka mafuta ya taa na mavi. Nimeosha, inanuka bado.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa. Kaburi lilikuwa linaingiza maji, wakawa wanayachota kwa ndoo huku wengine wanasoma dua. Shabani alishuka mwenyewe kumpokea mama yake. Alipopanda juu alinitazama, akasema tu, "Ahsante, mwalimu." Ahsante ya nini? Sikumwahi.

Festo hakuja.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo tumetembelewa na watoa misaada. Magari meupe, viatu vya mpira vipya, vina alama ya dukani bado. Wamegawa mablanketi. Kwanza unashika blanketi, unapigwa picha, ndipo unaondoka nalo. Mama mmoja alilifunga haraka, wakamwita arudi alishike tena vizuri jina lao lionekane.

Kiongozi wao akaongea kwenye kipaza sauti. Kasema watu wa mabondeni ni wabishi, tulishaambiwa tuhame. Wanawake wengine walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Wanakubali! Nilitaka kulia kwa hasira.

Sie tulinunua hapa pakiwa pakavu. Bi Mwanaidi alizaliwa hapa. Alikuwa anasema utotoni walikuwa wanakiruka kijito kile kwa hatua moja, wanashindana. Halafu miji ikapanda vilimani. Juu kote kumesakafiwa, kumeezekwa, hakuna udongo wa kunywa mvua. Hatukuufuata mto. Mto ndio umetufuata, umetanuka mwaka hadi mwaka, umekula choo cha huyu, jiko la yule. Halafu mtu anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi kuniita mbishi.

Nimechukua blanketi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 21 Aprili

Ibada. Festo kakaa kiti cha mbele, suti ya kijivu. Mchungaji ameomba kwa ajili ya "majanga yaliyo nje ya uwezo wa mwanadamu". Nikasimama, nikatoka. Viatu vyangu vilikuwa vinalia maji sakafuni, kanisa zima likasikia. Safi sana.

Jioni gari la Festo limeshusha mchele, mafuta na magodoro mawili. Nikamwambia dereva apakie arudishe. Elias akatoka, akavishusha tena mwenyewe. Nikamuuliza anakula vipi mchele wa yule. Akanijibu, "Mama Joy, yule kanisomesha. Baba alipokufa nilikuwa darasa la nne. Nimekula mchele wake maisha yangu yote."

Sijaupika. Amempa Shabani, na Shabani hajui umetoka wapi. Nimeona hata hilo ni tusi.

Jumamosi, 27 Aprili

Mkutano wa mtaa, chini ya turubai. Nimesema nitatulia. Sikutulia.

Mwenyekiti alianza na mabadiliko ya tabianchi. Kalisema neno hilo mara nyingi, linamtoka vizuri, kaenda semina. Dunia nzima inateseka, bahari inapanda, tuwe na subira. Watu wakawa wanapiga miayo. Nikanyoosha mkono.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, tabianchi haikujenga ukuta."

Kelele. Makofi. Akasema tusiingize mambo ya kifamilia kwenye mkutano. Kila mtu akageuka kumtazama Elias. Elias akatazama chini.

Nikaendelea. Nikasema mvua imebadilika kweli, sibishi, hata mie naiona. Ya zamani ilikuwa inanyesha siku nzima kwa adabu. Hii ya sasa inakaa kimya, halafu inamwaga ya mwezi mzima kwa asubuhi moja. Sasa kama tunajua mvua imekuwa kali, ndiyo tuizibie njia? Aliyejenga ukuta ule zamani alikuwa na kosa. Anayeuacha leo ana kosa kubwa zaidi, maana leo tunajua.

Mwenyekiti akasema suala limepokelewa na litafikishwa ngazi husika.

Ngazi husika. Bi Mwanaidi angekuwepo angemtafutia tusi linalomfaa.

Jumatatu, 6 Mei

Ngazi husika wamekuja.

Nilikuwa nasugua tope ukutani darasani. Nikasikia chupa ya rangi inatikiswa nje. Vijana wawili na afisa mwenye miwani. Nikafurahi, mjinga mie, nikadhani wanapita kwenda juu yadini. Nikawaonyesha njia. "Ni hapo juu, baba." Afisa akanitazama kama mtu anayetazama mvua.

Wakanipigia X. Nyekundu. Katikati ya twiga na tembo niliowachora mwenyewe kwa ajili ya watoto. X kwangu, X kwa Shabani, X hadi mwisho wa njia. Eneo hatarishi. Tuondoke. Lini? Tutajulishwa. Kwenda wapi? Hilo si la idara yao.

Ukuta wa Festo hauna hata doa. Nimepanda kwenda kuuhakiki kwa macho yangu. Umepakwa chokaa upya.

Sijawahi kuchukia rangi. Leo nimeichukia nyekundu mpaka nimeshindwa kula nyanya.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Festo. Sikumwambia Elias.

Akanikaribisha vizuri. Sebule, juisi, "Shemeji, karibu, umepotea." Nikasema sikuja kunywa. Nikamwomba avunje kipande kile tu kinachokata kijito. Kipande tu, atie geti au nondo, malori yake yalale salama. Nilimwomba kwa heshima. Nilimwita kaka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Shemeji, mimi nina kibali. Nyinyi mna nini?"

Nikamwambia tuna maiti.

Akasema yule bibi alikuwa mgonjwa siku nyingi, tusimchanganye yeye na mipango ya Mungu. Akaongeza kwamba alishawahi kumwambia mdogo wake atoke bondeni, atampa kiwanja Gongo la Mboto. Kwa hiyo kosa ni letu kwa kutopokea.

Kuna watu wabaya, unawajua, unawakwepa. Huyu si mbaya. Hilo ndilo linanitia wazimu. Anasomesha watoto wa watu. Analia misibani. Haoni tu. Amejenga ukuta hata machoni.

Nimetembea kwa miguu kurudi. Ningefungua mdomo ndani ya gari la abiria ningepigana na mtu.

Jumapili, 19 Mei

Shabani kaja mchana na dumu la petroli. Kaliweka hapo mlangoni kama mtu aliyeleta maziwa. Anataka kuchoma malori. Anataka nimwambie mlinzi anakula saa ngapi, maana mie mlinzi ananiheshimu.

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Niliyaona yale malori yanawaka na roho yangu ikapoa.

Nikaliburuta dumu ndani, Shabani nyuma yangu, nikafunga mlango, nikaukalia. Si wema. Niliona tu kwamba Shabani akienda jela, Festo atakuwa ndiye aliyeonewa, na mtaa wote utakwenda kumpa pole. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Kwa hiyo mama kaondoka bure." Nikamwambia bure ni sie kukaa tukingoja mafuriko ya pili.

Akalia. Mara ya kwanza tangu Aprili. Nami nikalia, hatukushikana, kila mtu kwenye kona yake.

Petroli kaitia kwenye pikipiki yake.

Jumamosi, 15 Juni

Tumeanza kuchimba.

Hakuna aliyetutuma. Nilianza na Anitha na Shabani, kwa koleo mbili. Tukaanzia nyuma ya darasa kwenda chini, kukipanua kijito na kukitoa uchafu. Godoro. Mlango wa friji. Chupa zisizo na mwisho, kila chupa naitukana. Watu walipita wakitutazama. Wiki hii wamejitokeza wengi, zaidi wanawake, na mafundi wa gereji.

Bwana Abbas naye kaingia. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule juu, kando ya Barabara ya Morogoro, yeye na mkewe, na familia yao iko hapo tangu enzi za babu yake. Kijito kinapita nyuma ya duka lake kabla ya kufika kwetu. Nilikwenda kumwomba sululu za kuazima. Akaniuliza za nini. Nikamweleza. Akasema siku ile aliyaona maji yanapita nyuma ya ghala lake, makubwa, meusi, na akawaambia wafanyakazi wake, "Leo huko chini watu wana kazi." Akasema neno hilo linamnyima usingizi, maana alikuwa na simu mfukoni na hakuwa na namba ya mtu hata mmoja huku chini.

Sasa ana yangu. Ana na ya imamu. Akiona maji yamefika kwenye jiwe jeupe nyuma ya ghala anapiga. Imamu kakubali kipaza sauti cha msikiti kitumike, alfajiri au adhuhuri, si hoja. Nilidhani atakataa, nikaenda nimeshajiandaa kugombana. Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Nikabaki na hasira yangu mkononi kama mzigo usio na pa kutua.

Elias haji kuchimba. Anatoka kazini, anapita, anaingia ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Kingo tumezishika kwa viroba vya mchanga, na juu yake matete na nyasi ndefu. Zimeota. Kila nyumba yenye mtu asiyeweza kutembea ina watu wake wa kumbeba, majina yanajulikana, hakuna "mtu fulani ataenda". Milango yote tumeigeuza. Ya kufunguka ndani. Hilo nililisimamia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na aliyenicheka nilimwambia twende tukaongee kaburini kwa Bi Mwanaidi.

Leo tumefanya zoezi. Kipaza sauti kikalia, watu wakabeba wazee, watoto wangu wakapanda ghorofani wameshikana mashati. Wanaume wa kijiweni wakatushangilia kama mpira. Sijali. Babu Njunde alibebwa mgongoni na fundi wa gereji akawa anapungia watu mkono kama rais.

Mwenyekiti kaja zoezi limeisha. Kaja na mpiga picha na bango kubwa, "Mtaa Wetu Wahimili Tabianchi". Anataka tusimame nyuma ya bango. Baadhi wakaanza kujipanga! Nikashika koleo, nikarudi mferejini. Anitha, ambaye hasemagi kitu, akamwambia, "Baba, shikamoo. Ukuta umeufikisha wapi?" Mbele ya kamera. Mwenyekiti akakunja bango lake.

Anitha kapanda mshahara moyoni mwangu. Mfukoni bado.

X zipo palepale. Hakuna aliyerudi kutuambia kitu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Redio wanasema vuli itakuwa na nguvu. Mfereji wetu uko tayari kupokea. Lakini yote tuliyofanya ni ya chini ya ukuta. Ukuta ukiyazuia tena maji, yatapita konani tena, yataruka mfereji wetu, yataingia vitandani. Tumejenga mkono mzuri usio na bega. Nimelisema hilo mezani, kwa sauti ya juu, sahani zikatetemeka.

Elias akaweka kijiko. Akavaa shati safi, akaenda kwa kaka yake. Mara ya kwanza.

Karudi kabla ya jua kuzama. Sikumuuliza. Kaketi nje, kavua viatu. Baadaye akasema, "Kaniuliza kama nimesahau nani alinisomesha." Nikauliza umejibuje. "Nimemwambia sijasahau."

Basi. Kaingia kulala. Nimemkasirikia mpaka mgongo umekakamaa. Mume wa namna gani anatumwa na uhai wa watu anarudi na adabu?

Jumatano, 30 Oktoba

Mwandiko mbaya leo. Niandike kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi wingu jeusi upande wa Kimara. Huku kwetu jua. Elias hakwenda kazini. Sikujua kwa nini, nikadhani anaumwa. Watoto wako mezani. Simu ikalia, Bwana Abbas. "Mwalimu, jiwe linazama." Hakusema zaidi, akakata apige kwa imamu.

Msikiti ukalia. Na watu wakaenda. Sikuamini macho yangu. Hakuna aliyekimbia ovyo. Babu Njunde mgongoni, mama mjamzito wa nyumba ya mwisho, vitanda vikapandishwa juu ya matofali. Watoto ghorofani, wameshikana mashati. Maji hayajafika hata tone.

Nikamtafuta Elias. Hayupo. Anitha akanyoosha kidole juu.

Alikuwa anapanda kwenda ukutani. Ovaroli lake la kazini, begani nyundo kubwa ya karakana yao. Anapanda kama mtu anayewahi zamu. Nyuma yake Shabani na sululu. Nyuma yao mafundi wa gereji. Nikamwachia Anitha watoto, nikapanda nikiteleza.

Nilipofika alikuwa ameshaanza. Alichagua pale juu ya bomba, anapiga kutoka juu kushuka chini, kipande kwa kipande, wengine wanavuta matofali pembeni. Mlinzi alikuwa amesimama mbali na simu sikioni. Ng'ambo ya ukuta maji yalikuwa yanakuja sasa, bado kifundoni, yanasukuma takataka mbele yake.

Gari la Festo likafika. Akashuka bila mwavuli. Akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya ukuta, kati ya tofali na nyundo. Hakupiga kelele. Alisema jina tu. "Elias."

Elias akashusha nyundo. Wote tukasimama. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, atamtii. Nilimchukia mapema kabisa.

Elias akasema, "Shikamoo kaka."

Festo akaitikia marahaba. Mdomo ulijiitikia wenyewe, nafikiri hata yeye hakujua.

"Sogea, kaka."

Festo hakusogea. Maji yalikuwa yameshapita viatu vyake. Akatazama chini, akayaona yanavyojaa, akageuka kutazama yanakotoka, kisha akatazama huku chini kwetu. Kutoka pale yote yanaonekana. Mabati, msikiti, ghorofa lisiloisha, watoto wangu wamepangwa juu yake kwenye sare nyekundu. Sijui aliona nini. Sitasema aliona haya, sijui.

Akasogea. Akakaa ndani ya gari, mlango wazi, suruali inachuruzika.

Elias akapiga. Sijawahi kumwona mtu anapiga kitu vile. Hakuwa anatukana, alikuwa analia na kupiga. Tofali la mwisho Shabani ndiye aliyeling'oa kwa mikono.

Maji yakapita. Yakashuka mferejini na ngurumo, yakalamba kingo, viroba vikashika, viwili vitatu vikachukuliwa. Kwa Shabani yakaingia hadi kizingiti. Darasani yalifika kwenye miguu ya meza. Yakakaa hapo. Yakashuka.

Tumehesabiana pale msikitini. Wote tupo.

Ijumaa, 1 Novemba

Elias alikuwa kituo cha polisi tangu jana. Uharibifu wa mali. Festo kafungua kesi, akiwa na kibali chake.

Tulikwenda mtaa mzima, na tope letu, tukajaza korido. Askari wa zamu kasema tunamchafulia sakafu. Nikamwambia ndiyo, hii ndiyo hali ya sakafu zetu. Bwana Abbas kaja na wakili mpwa wake. Mjumbe kaweka dhamana. Wamemtoa saa kumi. Kesi itatajwa.

Mwenyekiti kahojiwa redioni kuhusu mtaa wake "uliojifunza kuishi na mafuriko". Nimeizima redio kwa ngumi. Hatukujifunza kuishi nayo. Tulikataa.

Jumapili, 3 Novemba

Hatukwenda kanisani.

Elias kalala hadi jua limeingia chumbani. Viganja vimechubuka vyote, nimempaka dawa, kanywa chai kwa kushika kikombe kwa vidole vya pembeni. Mama mkwe kapiga simu kutoka nyumbani Singida. Waliongea muda mrefu. Nilimsikia anasema ndiyo mama, hapana mama, ndiyo mama. Sikuuliza. Alipomaliza akaiweka simu kifudifudi juu ya dirisha.

Mchana mvua ndogo. Tumekaa mlangoni, nimemmenyea machungwa. Huko nyuma maji yanapita. Tumeyasikiliza.